Wapangaji wasiolipa kodi: virusi vinavyoishi mwilini mwako

HUENDA ulikuwa bado chekechea ulipougua tetekuwanga. Mwili mzima ulijaa malengelenge, mama akakupaka ile dawa ya maji ya rangi ya waridi, akakukataza kujikuna, nawe ukakaa nyumbani hadi magamba yalipokauka na kubanduka. Kisha ukarudi shuleni na kila mtu akasema umepona.

Malengelenge yalipona, lakini kirusi kilichoyaleta hakikuondoka. Kilifuata mishipa ya fahamu kutoka ngozini hadi kwenye vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo, kikalala humo, na kimelala humo hadi leo hii unapolisoma gazeti hili.

Wala hakiko peke yake. Tumezoea kuviona virusi kama wageni wa siku chache: mafua huja Jumatatu, na kufikia Jumatatu ya pili yameaga. Lakini lipo kundi jingine, kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, ambalo likishaingia hupanga chumba na kukaa maisha. Mtu mzima mwenye afya njema, anayepanda matatu kila asubuhi kwenda kazini, hubeba aina kadhaa za virusi hivyo bila kujua.

Nalieleza jambo hili kwa sababu moja. Mara kwa mara huja kwangu mgonjwa akiwa ameshika karatasi ya maabara inayosema kwamba damu yake ina kingamwili za kirusi fulani. Uso umemsawijika. Anataka dawa ya kukitoa, na wengine huwa wamekwisha kutumia maelfu ya shilingi kwa wauzaji wa dawa za chupa wanaoahidi "kusafisha damu". Mtu huyo huyo ukimuuliza kama amewahi kupimwa homa ya ini aina ya B, hana habari kwamba kipimo hicho kipo. Anamwogopa mpangaji asiye na neno, na yule anayebomoa nyumba hamjui.

Wasio na neno

Mwaka wa 1997 watafiti nchini Japani walikuta kirusi kipya katika damu ya mgonjwa aliyepata maradhi ya ini baada ya kuongezewa damu. Wakakiita TT, kutokana na herufi za kwanza za majina ya mgonjwa huyo. Wengi walidhani kwamba chanzo kipya cha homa ya ini kimepatikana. Baadaye ikabainika kuwa kirusi hicho na ndugu zake wamo katika damu ya watu wengi mno duniani, wazima kwa wagonjwa, na hakuna maradhi yoyote yaliyothibitishwa kuletwa nao. Siku hizi kimepata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwa kuwa huongezeka kinga ya mwili inaposhuka, wataalamu wanaowashughulikia watu waliopandikizwa figo wameanza kukitumia kupima jinsi kinga ya mgonjwa ilivyolegea.

Matumboni mwetu nako mna virusi visivyohesabika ambavyo havina haja na binadamu. Windo lao ni bakteria. Na kama hayo hayajakushangaza, takriban asilimia 8 ya maandishi yako ya urithi, yale uliyopewa na baba na mama, ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita vikarithiwa kizazi hadi kizazi. Baadhi ya mabaki hayo ndiyo hutengeneza protini iitwayo sinsitini, ambayo huunganisha chembe za kondo la nyuma ili mtoto apate chakula kutoka kwa mamake. Mwenye kukuahidi kutoa kila kirusi mwilini mwako hajui anachokisema.

Mkanda wa jeshi

Sasa turudi kwa yule wa tetekuwanga, maana yeye hulala jicho moja. Askari wa mwili wanapokuwa imara hutulia. Wakichoka, iwe kwa uzee, kwa saratani, kwa virusi vya Ukimwi au kwa dawa zinazopunguza kinga, huamka, hushuka kwa neva ile ile aliyopandia na kutokeza ngozini. Hapo hauwi tena tetekuwanga. Unakuwa ugonjwa tuuitao mkanda wa jeshi.

Aliyeunganisha magonjwa haya mawili kwa ushahidi wa kuridhisha hakuwa profesa mwenye maabara kubwa. Alikuwa daktari wa kawaida wa mtaani, Edgar Hope-Simpson, katika mji mdogo wa Cirencester, Uingereza. Kwa miaka 16 aliandika kumbukumbu za kila mgonjwa wake wa mkanda wa jeshi, na mwaka wa 1965 akachapisha hoja yake: ugonjwa huu hauletwi na mlipuko mpya wa tetekuwanga, kwani hutokea majira yote, na huzidi kadiri umri unavyosonga. Kwa hivyo kirusi hakitoki nje, kinaamka kutoka ndani. Sisi madaktari wa kliniki ndogo hatuna habari nyingi za kujivunia kama hii, mniwie radhi kwa kuirefusha.

Maumivu hutangulia. Kwa siku moja hadi tano unahisi kuungua, kuwashwa au kuchomwa upande mmoja wa kifua, mgongo, kiuno au uso, na hakuna kinachoonekana. Wengi hudhani ni kichomi au moyo. Kisha hutokea vipele vyekundu vinavyojaa maji, vimejipanga kama mshipi, navyo kwa kawaida haviuvuki mstari wa katikati ya mwili. Wapo wanaosema kwamba mkanda ukizunguka na kukutana, mgonjwa hufa. Si kweli, na hofu hiyo huwapeleka watu kwa waganga badala ya hospitali.

Hapa Nairobi lipo kosa jingine, hasa nyakati za mvua. Mgonjwa huamini kwamba amepitiwa na kile kijidudu chekundu na cheusi kilichopewa jina la jiji letu, akajipaka dawa ya meno au majivu na kungoja. Tofauti si ngumu. Kijidudu hicho huacha alama ya kuungua pale tu majimaji yake yalipogusa, mara nyingi kama mchirizi wa fimbo, na haianzi kwa siku kadhaa za maumivu ya ndani. Ikiwa ulianza kuumwa kabla ya kuona chochote, na vipele vimekaa upande mmoja, usingoje.

Nasema usingoje kwa sababu saa zinahesabika. Dawa ya asiklovia hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Ni dawa ya kale sasa, tena si ghali kama watu wanavyofikiri. Gertrude Elion, mmoja wa walioigundua, alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Haimfukuzi mpangaji, humrudisha chumbani kwake tu. Anayechelewa, hasa aliyepita umri wa miaka 50, anaweza kubaki na maumivu ya neva kwa miezi mingi baada ya ngozi kupona, maumivu ambayo hata shati likigusa mtu huruka. Haya panadoli haiyawezi, na yana dawa zake tofauti ambazo daktari atakueleza. Vipele vikitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, mwone daktari siku hiyo hiyo, kwa maana macho yako hatarini.

Mambo mawili zaidi. Mkanda wa jeshi haumwambukizi mtu mkanda wa jeshi, lakini maji ya vipele hivyo yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa. Funika vipele, na ukae mbali na watoto wachanga na akina mama wajawazito mpaka vikauke. La pili ni kwa vijana: ukipata mkanda wa jeshi ukiwa na miaka 25 au 30, kapimwe virusi vya Ukimwi. Si kila kijana anayeupata ana virusi hivyo, la hasha, ila kwa wengi imekuwa ndiyo dalili ya kwanza, na ni heri kujua mapema.

Chanjo ya kuzuia mkanda wa jeshi ipo, na imeleta habari ambayo sikuitarajia. Huko Wales, mpango wa chanjo ulipoanza Septemba 2013, wazee waliozaliwa kuanzia Septemba 2, 1933 waliruhusiwa kuchanjwa, na waliozaliwa hata siku chache kabla ya hapo hawakuruhusiwa. Kwa hivyo watafiti walipata makundi mawili ya wazee wanaolingana karibu kwa kila hali isipokuwa chanjo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2025 yalionyesha kwamba katika muda wa miaka saba, waliochanjwa walipungukiwa na hatari ya ugonjwa wa akili kuzorota uzeeni kwa karibu sehemu moja ya tano, yaani asilimia 20. Ikiwa hesabu hiyo itasimama mahali pengine pia, itabidi tumtazame mpangaji huyu kwa jicho jipya.

Binamu yake, yule wa vipele vya midomoni vinavyojitokeza baada ya homa au jua kali, hatatuchelewesha. Yumo katika karibu thuluthi mbili za watu wote walio chini ya umri wa miaka 50 duniani. Asimbusu mtoto mchanga yeyote aliye na vipele hivyo, basi.

Uvimbe wa taya

Kirusi cha Epstein-Barr ndicho hasa huandikwa kwenye zile karatasi za maabara nilizozitaja. Kimo katika watu wazima zaidi ya tisa kati ya kila kumi, na hapa kwetu wengi hukipata kwa mate kabla ya kufika umri wa kwenda shule. Kukuta kingamwili zake ni sawa na kukuta una alama ya chanjo begani. Hata hivyo historia yake ni ya Afrika Mashariki, na haina budi kusimuliwa.

Mwaka wa 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika taya. Muda si mrefu akaona mwingine, na mwingine. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili waliingia katika gari kuukuu wakasafiri maili 10,000 wakizuru hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika kuuliza ni wapi saratani hiyo huonekana. Jibu lilifuata ramani ya joto na mvua: hapa karibu na ikweta, kwenye nyanda zilizo juu ya futi 5,000 haikuwapo, au ilikuwa nadra mno. Mwaka huo huo Burkitt alihutubu London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Alipelekewa vipande vya uvimbe kutoka Uganda, na mwaka wa 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wamekiona kirusi ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Mbona basi kirusi kilichomo kwa karibu kila mtu kiwadhuru watoto wa Nyanza, Magharibi na Pwani kuliko wa Nyeri? Ramani ya Burkitt ilikuwa ramani ya malaria. Mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara, askari wake huchoka kumlinda mpangaji, na zile chembe nyeupe za damu ambamo kirusi hujificha huchochewa kuzaana ovyo mpaka moja huharibika. Ndiyo maana chandarua kitandani mwa mtoto ni kinga ya saratani hii pia, na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019 inaweza kuwa na faida hiyo.

Msomaji wa Nairobi yuko juu ya mstari wa Burkitt, lakini watoto wake huenda likizo kwa nyanya Siaya au Kilifi, na wengi wetu tuna wapwa huko. Mtoto mwenye umri wa kati ya miaka minne na tisa hivi, ambaye taya limevimba na meno yanalegea, asing'olewe jino na kurudishwa nyumbani. Uvimbe huu ni katika ule unaokua haraka kuliko wote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa kuwa chembe zake huzaana upesi, dawa za saratani huziua upesi vile vile, na watoto wengi hupona wakifikishwa hospitali mapema. Anayepotezewa wiki tatu kwa dawa za jino hana bahati hiyo.

Wasioachwa walale

Kuhusu virusi vya Ukimwi nitasema jambo moja tu, kwani mengine mmeyasikia. Navyo hujificha, ndani ya chembe nyeupe za damu, mahali ambapo dawa haziwezi kuvifuata. Anayemeza dawa kila siku huweza kufika hali ambapo havionekani katika kipimo, na akikaa katika hali hiyo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Lakini havikuondoka. Akiacha dawa kwa sababu nabii fulani amemtangazia uponyaji, kwa kawaida virusi hurejea katika damu baada ya wiki chache.

Kirusi cha papiloma nacho, kile cha saratani ya mlango wa kizazi, huondolewa na mwili wenyewe kwa wanawake wengi katika muda wa miaka miwili. Kwa wachache hubaki, na kubaki huko kwa miaka kumi au ishirini ndiko huleta saratani ambayo huwaua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka. Wasichana wetu walianza kuchanjwa mwezi wa Oktoba 2019, wakiwa na miaka 10. Mama zao hawakuipata. Dada, ikiwa umetimiza miaka 25 na hujawahi kukaguliwa, kituo cha afya kilicho karibu nawe ndiko pa kuanzia, na ikiwa unaishi na virusi vya Ukimwi ukaguzi wako unapaswa kuwa wa mara nyingi zaidi.

Aliyebaki ndiye ninayemhofia kuliko wote kwa wasomaji wa gazeti hili: homa ya ini aina ya B. Kwanza tuondoe mkanganyiko. Si homa ya manjano, ile ya mbu ambayo wasafiri huchanjwa na kupewa cheti. Hiki ni kirusi cha damu na majimaji ya mwili, hupitia kwa mama wakati wa kujifungua, kwa kujamiiana, kwa sindano, na kwa wembe wa pamoja. Huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba, kwa hivyo mashine ya kinyozi isiyosafishwa si jambo la kupuuza. Sahani, kikombe na kusalimiana kwa mkono haviambukizi.

Mtu mzima anayeambukizwa kwa kawaida hukishinda. Ni wachache, chini ya watano katika kila mia, wanaobaki nacho. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa hali yake ni kinyume: tisa kati ya kumi hubaki nacho maisha. Hukua, husoma, huoa, hana dalili yoyote, na akifika miaka 40 tumbo linajaa maji au ini lina uvimbe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa na kirusi hiki, na kilisababisha vifo milioni 1.1. Katika nchi yetu kina mshirika, ile sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo aflatoksini, iliyowaua watu 125 mwaka wa 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa kiasi kidogo cha kila siku haiui papo hapo, lakini ikikutana na kirusi hiki katika ini moja, hatari ya saratani huzidishwa mara nyingi. Ongeza pombe juu yake.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya kirusi hiki mwishoni mwa mwaka wa 2001, ndani ya ile chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba ukiwa ulizaliwa kabla ya hapo, yaelekea hujachanjwa, na pengine hujapimwa. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Uliza kile cha HBsAg. Kikionyesha huna, na hujawahi kuambukizwa, chanjo ni sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja na ya mwezi wa sita, nayo ya tatu ndiyo watu husahau. Kikionyesha unacho, hutapewa dawa hapo hapo. Kipimo hurudiwa baada ya miezi sita, ini likakaguliwa, na wanaohitaji tiba hupewa tenofovia, kidonge cha kila siku ambacho hukibana kirusi kisiendelee kulila ini. Acha pombe tangu siku hiyo. Mpeleke mwenzi wako na watoto wapimwe. Na ikiwa ni wewe mama unayetarajia kujifungua, mwambie daktari au mkunga kabla ya uchungu kuanza, ili chanjo ya mtoto iwe tayari, kwa sababu anapaswa kuipata katika saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa.